Namna ya Kupima Jamii ya Vichaka Haba Kwenye Ardhi ya Mchanga

Mimea ya mchangani imezoeleka kudharauliwa. Mtu akisimama Jambiani, Bwejuu au Makunduchi huko Unguja, juu kidogo ya pale maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita yote, yanapoacha mwani mkavu, huona kichaka kimoja, kisha mchanga mtupu, kisha kichaka kingine, na huondoka akiamini kwamba hapana cha kuandika. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuandika: mwalimu wa skuli anayewatafutia wanafunzi wake kazi ya nje ya darasa, kamati ya mazingira ya shehia, mwanafunzi wa chuo anayejiandaa kwa utafiti, au kijana wa Unguja au Pemba aliyepata nafasi ya kusoma Oman na atakayekutana huko na jangwa lenyewe. Ufuo wetu si jangwa, kwani Unguja hupata wastani wa takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, ilhali Robo Hali, lile jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu, halifikishi milimita 50. Hata hivyo mmea unaoota kwenye mchanga unaohama, penye jua kali na upepo usiokatika, hukabiliwa na shida zinazofanana popote ulipo, na njia ya kuupima ni moja. Afadhali mtu ajifunzie mahali ambapo maji ya kunywa hayako mbali.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, maana ndilo linalotenga kipimo na matembezi: katika vichaka haba, nafasi tupu baina ya mmea na mmea ni sehemu ya jamii hiyo ya mimea, na hupimwa kwa uangalifu ule ule unaopimiwa mmea. Orodha ya majina peke yake haitoshi. Spishi kumi zilizosongamana na spishi zile zile kumi zilizotawanyika kwenye eneo kubwa ni jamii mbili tofauti, na tofauti yenyewe imo kwenye utupu.

Mchanga kwanza, mmea baadaye

Wakulima wetu wanaujua mchanga kwa ubaya wake. Kichanga hakishiki maji wala mbolea, na mwenye hiari huchagua kinongo, ule udongo wenye rutuba. Katika nchi ya mvua nyingi hukumu hiyo ni ya haki, lakini jangwani mambo hugeuka, na asiyelijua hilo atashindwa kufahamu anachokiona. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mchanga mkavu hupenya sentimita 10 au zaidi, kwa sababu mchanga hushika maji kidogo katika kila tabaka na mengine huyaacha yashuke. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya udongo wa mfinyanzi huishia sentimita 3 au 4 za juu, na jua la siku chache huirudisha yote hewani. Maji yaliyozama kwenye mchanga huwa yamefunikwa na tabaka kavu la juu, ambalo huzuia mvuke usitoke, na mizizi mirefu huyafuata huko chini miezi mingi baada ya mvua. Ndiyo maana katika maeneo makavu kabisa vichaka vya kudumu hustawi zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye mfinyanzi. Imanuel Noy-Meir, mwanaikolojia wa majangwa, alilieleza jambo hili mwaka 1973, na mpaka ambapo mchanga huacha kuwa rafiki wa mmea ukaanza kuwa mzigo hukadiriwa kuwa kwenye mvua ya milimita 300 hadi 500 kwa mwaka. Sisi tumo upande wa pili wa mpaka huo, mbali sana, na kwa hiyo vichaka haba vya ufuoni kwetu havisababishwi na uhaba wa mvua peke yake. Chumvi, upepo, mchanga unaohama na miguu ya watu na mifugo vina sehemu yao, na kazi ya mpimaji ni kuandika dalili za kila kimoja.

Kabla ya kugusa mmea wowote, pima mchanga. Lowesha konzi moja, uukamue, kisha jaribu kuuviringisha uwe uzi. Ukisambaratika mara unapoachia mkono, huo ni mchanga halisi. Ukishikamana ukawa uzi mfupi unaokatika, una mfinyanzi ndani yake. Baada ya hapo weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu kwenye kifuniko cha chupa na ukamulie ndimu, au utie siki. Mchanga wa pwani ya mashariki ya Unguja utachemka na kutoa povu, kwa kuwa umetokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, na juisi ya ndimu hula chokaa hiyo. Mchanga wa aina hii huunyima mmea madini ya chuma hata kama yamo, ndiyo maana mara nyingi utaona majani machanga ya rangi ya manjano yaliyobaki na mishipa ya kijani. Ukienda Pemba kaskazini, kwenye msitu wa Ngezi, kuna mahali penye mchanga mweupe wa chembe za mwamba mgumu usio na chokaa, uliooshwa na mvua hadi ukawa na asidi, na hapo ndimu haifanyi chochote. Mimea yake nayo ni mingine kabisa: utakuta kichaka cha Erica mafiensis, chenye vijani vidogo mno, ambacho hutakitarajia kwenye mchanga wa chokaa. Michanga yote miwili ni myeupe, na jicho huihesabu kuwa kitu kimoja. Ndimu moja inatosha kuitenga.

Kabla ya kutoka

Pita kwa sheha. Hata ufuo unaoonekana hauna mwenyewe una wenyewe: kuna wanaoanika mwani, kuna waliofukia makumbi kwa ajili ya usumba, na kuna viwanja vya hoteli ambavyo mpaka wake hauonekani mchangani. Sheha akijua unachofanya, ataeleza pia ni wapi mifugo hupitishwa na ni wapi mchanga ulichotwa kwa ujenzi, na habari hizo ni lazima ziingie kwenye daftari kwa sababu hakuna mmea utakaokueleza. Uliza vilevile kuhusu kasa. Penye alama za kasa kupanda kutaga, kama ilivyo kwenye kisiwa cha Misali, usichimbe wala usipige kigingi.

Vifaa ni vichache. Unahitaji futi kamba ya mita 50, vigingi, kamba ya nailoni, timazi ya fundi, beleshi dogo, fimbo zilizonyooka za mita 2 zilizochorwa alama za sentimita, tatu kwa kila mstari, magazeti ya zamani na vipande viwili vya ubao wa plaiwudi vya kubania sampuli, na simu inayoweza kuonyesha mahali ulipo kwenye ramani. Andika kwa penseli, kwa kuwa kalamu ya wino huharibika kwa jasho na unyevu wa bahari. Sijaona faida ya kwenda na watu wengi. Watatu wanatosha, mmoja akisoma futi, mmoja akitazama mmea na mmoja akiandika, na huyo wa tatu awe ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.

Toka asubuhi mapema. Saa sita mchana mchanga mweupe huunguza macho na majani mengi hujikunja, na upana wa kichaka utakaoupima wakati huo utakuwa mdogo kuliko uhalisia. Jangwani amri hii inaongezewa nyingine mbili ambazo hazina mjadala: hakuna anayekwenda peke yake, na mtu aliyebaki mjini lazima ajue mmekwenda wapi na mnatarajiwa kurudi saa ngapi.

Kunyoosha mstari

Katika vichaka haba, kipimo kinachofaa zaidi ni mstari. Mraba wa mita 1 kwa mita 1, ambao wengi waliuzoea skulini, unafaa kwa nyasi na mimea inayotambaa, lakini ukiutupa kwenye vichaka vilivyoachana utaangukia mchanga mtupu mara nyingi mno hadi uchoke, na mara moja moja utaangukia kichaka kizima ukadhani umo msituni.

Mstari uanzie kwenye alama ya juu kabisa ya maji ya bamvua, pale ulipo mwani mkavu wa mwisho kuelekea bara, na uende moja kwa moja kuipa bahari mgongo. Usianzie kwenye alama ya maji mafu, yale yasiyojaa sana, kwa sababu iko chini na mimea iliyopo baina ya alama mbili hizo, kama ipo, hufagiliwa kila bamvua. Sababu ya kuelekea bara ni kwamba hali hubadilika kwa mwelekeo huo: chumvi hupungua, mchanga hutulia, na mimea hubadilika pamoja navyo. Mstari unaokwenda sambamba na maji utabaki ndani ya mkanda mmoja na hautaona mabadiliko. Kwenye matuta ya jangwani bahari haipo, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Anzia kwenye bonde lililo baina ya tuta na tuta, panda mteremko wa upande unaopigwa na upepo, vuka kilele, na ushuke upande wa pili, kwa sababu bonde, mteremko na kilele kila kimoja kina mimea yake, na kilele mara nyingi hakina kitu.

Mahali pa kuanzia mstari pasichaguliwe kwa macho. Jicho hupenda kichaka kizuri, na likiachiwa lichague, ufuo wote utaonekana umejaa. Pima urefu wa ufuo unaoutafiti, ugawe katika sehemu mia moja, andika namba 0 hadi 99 kwenye vipande vya karatasi, vitie kwenye kofia, na uchomoe namba kadiri ya idadi ya mistari unayoweza kuimaliza. Mistari mitano ni ya chini kabisa. Kumi ni afadhali. Namba ikiangukia mahali pabaya, penye jaa au penye njia ya ng'ombe, nyoosha mstari hapo hapo na uandike ulichokikuta.

Futi ikishanyooka na kufungwa kwenye vigingi pande zote mbili, tembea upande mmoja tu wa mstari ili usikanyage upande unaopimwa. Kila kichaka kinachokatwa na mstari, shusha timazi kutoka kwenye ncha ya tawi lake la kwanza na usome futi, kisha fanya hivyo kwenye tawi la mwisho. Mwandishi aandike jina, mwanzo na mwisho. Amueni mapema kwamba uwazi ulio ndani ya kichaka usiozidi, tuseme, sentimita 10 hauhesabiwi, na andikeni kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu bila hiyo watu wawili watapima kichaka kimoja na kupata majibu mawili. Mimea miwili ikipandana, kila mmoja usomwe peke yake.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa mimea mitatu itakayoelezwa kwenye sehemu ya majina. Kwenye mstari wa mita 50 umesoma mlakasa kutoka 0.80 hadi 2.35, Scaevola kutoka 6.10 hadi 7.90, na mkadi kutoka 21.40 hadi 25.15, na mengine yote ni mchanga. Urefu uliofunikwa ni 1.55, jumlisha 1.80, jumlisha 3.75, yaani mita 7.10. Gawanya kwa 50 uzidishe kwa 100, utapata mfuniko wa asilimia 14.2, na utupu wa asilimia 85.8. Namba hizo mbili ndizo za kwanza kuandikwa kwenye ripoti, na chini yake uandikwe urefu wa kila pengo: 0.80, kisha 3.75, kisha 13.50, kisha 24.85. Pengo la mita 24 linaruhusu upepo uokote mchanga, ilhali mapengo mengi ya mita mbili mbili yenye jumla ile ile hayauruhusu kwa nguvu hiyo, na hapo ndipo unapoona kwa nini asilimia peke yake haitoshi. Jangwani mfuniko wa vichaka mara nyingi hauvuki asilimia 20, na kwenye matuta makavu yanayohama huwa chini ya 5.

Watu hupenda kuhesabu mashina, na mimi sishauri. Mlakasa mmoja hutambaa mita nyingi, ukazikwa na mchanga, ukaibuka mbele na kutoa mizizi mipya, hata usiweze kusema huo ni mmoja au ni kumi. Vichaka vya jangwani vina tabia hiyo pia. Katika jangwa la Mojave huko California kipo kichaka cha Larrea tridentata kilichojigawa na kutanuka hadi kuwa duara la vichaka vingi vyenye asili moja, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 11,700. Mhesabu mashina angeandika makumi ya vichaka. Mfuniko haudanganywi na jambo hilo.

Majina

Kila mmea uandikwe majina mawili, la kijijini na la kisayansi, na la kijijini liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la shehia. Mmea mmoja waweza kuwa na jina moja Makunduchi na jingine Micheweni, na usipoandika mahali, jina hilo litakusumbua baadaye. Waulize hasa akina mama wanaochuma dawa, wanaokata kuni na wanaosuka, kwa maana wao ndio wanaoishika mimea hiyo kila siku. Uliza kwa adabu na bila haraka, "Bi mkubwa, huu kwenu mnauitaje, na mnautumia kwa nini?", kisha nyamaza uandike. Asiyejua atakwambia hajui, na jibu hilo ni bora kuliko jina ulilolilazimisha.

Kwenye mkanda wa mbele kabisa utakutana na mlakasa, Ipomoea pes-caprae, wenye maua ya zambarau na jani lililopasuka nchani kama kwato la mbuzi. Mboga pwani, Sesuvium portulacastrum, yenye majani manene yenye maji. Canavalia rosea, ambayo ni jamaa ya kunde inayotambaa. Na nyasi ngumu ya Sporobolus virginicus. Nyuma yake huja vichaka vifupi. Scaevola zipo mbili ambazo mwanafunzi huzichanganya, na matunda ndiyo yanayozitenga: Scaevola plumieri ina matunda meusi, Scaevola taccada ina meupe. Suriana maritima ina vijani vyembamba vyenye vinyweleo vilivyojikusanya nchani mwa matawi, na maua ya manjano. Pemphis acidula, yenye maua meupe, hupenda kushika mwamba wa matumbawe kuliko mchanga, kwa hiyo ukiiona kwenye mstari wako, chimba kidogo, huenda jiwe liko karibu. Nyuma zaidi huja mkadi, ambao maua yake wanawake wa pwani wanayajua kwa harufu, pamoja na mdaa, mkwamba na Guettarda speciosa, na baada ya hapo minazi na mivinje iliyopandwa, kisha maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Chini ya mivinje hutakuta mengi, kwa sababu majani yake yaliyoanguka hulala kama mkeka mzito; utupu wa hapo usiuchanganye na utupu wa mchanga unaohama. Andika kila aina ya utupu kwa jina lake: mchanga mtupu, majani makavu, jiwe, mwani, njia.

Huko Oman orodha ni nyingine. Kwenye matuta ya Sharqiya, eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500 ambalo Royal Geographical Society ya London ililifanyia utafiti mkubwa miaka ya 1985 hadi 1987, vichaka vya Calligonum vimejiondolea majani karibu yote na kuacha matawi ya kijani yafanye kazi ya majani; ndago wa Cyperus hushika mchanga kwa mizizi; na upande wa mashariki kuna miti ya ghafu, Prosopis cineraria, inayosaidiwa na umande na ukungu unaotoka Bahari ya Arabu pamoja na maji yaliyo chini ya ardhi. Mwanafunzi aliyezoea kusoma mlakasa na Scaevola atajua la kufanya mbele ya Calligonum, kwa maana mmea huo pia huzikwa na mchanga na kutoa mizizi mipya juu ya ile ya zamani.

Mmea usioujua ukatwe tawi lenye ua au tunda, ulazwe kwenye gazeti, ubanwe baina ya mbao, na gazeti libadilishwe kila siku hadi ukauke. Majani manene ya mchangani huchukua muda mrefu, na yakiachwa kwenye gazeti bichi huoza. Kwenye lebo andika tarehe, shehia, umbali kutoka alama ya bamvua, aina ya mchanga na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea ikikauka. Sampuli ambazo hamkuweza kuzitambua zipelekwe kwa wataalamu wa hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kichaka kimoja kwa karibu

Mkishamaliza mstari, chagueni vichaka vitatu vya spishi inayotawala na mkae navyo. Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye elimu zaidi. Pima kimo, upana mkubwa kabisa, na upana unaoukata huo kwa pembe mraba. Zidisha mapana hayo mawili, kisha zidisha kwa 0.785, utapata eneo linalofunikwa na matawi. Kisha lala chini utazame. Kichaka cha Scaevola kilichosimama miaka mingi huwa kimekaa juu ya kilima chake mwenyewe: upepo wa kusi ulipogonga matawi ulipunguza kasi ukatua mchanga, kichaka kikaota juu yake, mchanga ukaja mwingine. Upande wa nyuma ya upepo kuna mkia wa mchanga unaopungua polepole. Pima kimo cha kilima kutoka kwenye mchanga wa kawaida na urefu wa mkia, na uandike mkia umeelekea wapi, kwani mwelekeo huo unakwambia ni kusi au kaskazi iliyoufanya.

Chini ya matawi chukua mchanga kwa kiganja. Utakuwa mweusi kidogo kuliko ule wa uwandani, wenye vipande vya majani, na mara nyingi utakuta miche midogo iliyokimbilia kivuli. Chimba shimo la sentimita 60 hapo ukingoni mwa matawi, na jingine katikati ya pengo lililo karibu, na katika kila moja uandike mchanga unaanza kuwa na unyevu kwenye kina gani na mizizi inaishia wapi. Mara nyingi utashangaa kukuta mizizi kwenye shimo la pengo, hatua kadhaa kutoka kwenye kichaka chochote. Kwenye jangwa jambo hili ni kubwa zaidi: juu panaonekana vichaka vimeachiana nafasi, ilhali chini mizizi imekutana na kugawana maji yote, na hapana nafasi ya mmea mwingine. Fukia mashimo kabla ya kuondoka, na ufukie kwa kurudisha mchanga wenye unyevu chini na mkavu juu.

Angalia pia kama kichaka kimevamiwa na mlangamia, Cassytha filiformis, zile nyuzi za manjano na kijani zisizo na majani zinazonyonya wenzake. Kama ncha zimeliwa na mbuzi. Na kama upande unaotazama bahari umekauka kwa chumvi. Kila dalili ipewe alama yake kwenye daftari, hata kama ni ndiyo au hapana tu.

Kuzipanga jamii

Mistari kumi ikishasomwa, igawanye kila mmoja katika vipande vya mita 10 na upe kila spishi katika kila kipande daraja la mfuniko. Madaraja ya Josias Braun-Blanquet, mtaalamu wa Uswisi, yanatosha: alama ya kujumlisha kwa mmea mmoja mmoja usio na uzito, 1 kwa mfuniko usiofika asilimia 5, 2 kwa asilimia 5 hadi 25, 3 hadi 50, 4 hadi 75, na 5 kwa zaidi ya hapo. Chora jedwali, spishi zikiwa kwenye safu za kulala na vipande kwenye safu za kusimama. Kisha kata jedwali hilo kwa mkasi katika vibanzi vya kusimama, uvitandaze juu ya meza, na uvihamishehamishe hadi vibanzi vinavyofanana vikae pamoja. Kompyuta hufanya kazi hii kwa dakika moja, lakini anayeanza afanye kwa mkono angalau mara moja, kwa sababu mkono humwonyesha ni spishi ipi iliyovileta vibanzi pamoja na ipi ipo kila mahali na kwa hiyo haisaidii kutenga kitu. Jamii ipewe jina la spishi inayotawala na ile inayoitambulisha, mfano jamii ya mlakasa na Sporobolus, au jamii ya mkadi na Guettarda. Usilazimishe kila kipande kiingie kwenye kundi. Vile vya mpakani baina ya mikanda miwili viachwe vya mpakani, na viandikwe hivyo.

Kurudi

Kipimo kimoja kinaonyesha siku moja. Ufuo upimwe mwishoni mwa masika, mwezi wa Juni, na upimwe tena mwishoni mwa kaskazi, Februari au mwanzo wa Machi, kabla mvua hazijarudi. Mimea ya msimu utakayoikuta mara ya kwanza huenda isiwepo ya pili, na vichaka vya kudumu ndivyo vitakavyobaki kuwa kiini cha jamii. Jangwani tofauti hii huwa kali, kwa sababu mbegu za mimea ya msimu zinaweza kungoja miaka chini ya mchanga, zikaota, zikachanua na kukauka ndani ya wiki chache baada ya mvua moja nzuri. Mtu aliyepima kabla ya mvua hiyo na aliyepima baada yake wataleta orodha mbili zisizofanana kutoka tuta moja.

Ili urudi mahali pale pale, usitegemee kigingi cha ufuoni, kwa maana kitang'olewa au kitafukiwa. Weka alama ya mwisho wa bara, kwenye mnazi au jiwe lisilohama, andika mahali hapo kama simu inavyopaonyesha, na chukua picha mbili, moja kuelekea bahari na moja kuelekea bara, ukiwa umesimama juu ya alama. Zile fimbo zenye alama za sentimita zisimikwe tatu kwenye kila mstari, moja mbele, moja katikati na moja nyuma, na somo la kwanza liandikwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa zitakaposomwa tena baada ya kusi zitasema ni mchanga kiasi gani ulioongezeka au kuondoka. Nakala moja ya daftari iachwe kwa sheha kabla hamjaondoka kijijini, ikiwa na majina ya kijijini yaliyoandikwa vizuri, ili waliowapa majina hayo waweze kuyakagua na kuyasahihisha.